Wanataka nipigwe picha na mega (kifaa cha kupima kama umeme unavuja kwenye mota) kwa ajili ya Machi 8, lakini mota yenyewe hawajawahi kuniruhusu kuigusa. Mngefanyaje?

BintiKihonda (mleta mada)

Habari zenu wakuu. Wakubwa zangu shikamooni.

Nasoma umeme wa viwandani, mwaka wa mwisho, na kwa sasa niko fildi kwenye kiwanda kimoja hapa Morogoro, kitengo cha matengenezo. Jina la kiwanda niacheni nalo, bado nahitaji muhuri wao kwenye daftari langu la mafunzo.

Nianze kwa kusema hawajanitesa. Hakuna aliyenitukana, hakuna aliyenishika, na chai nakunywa bure. Kinachonisumbua ni upole wao. Asubuhi kazi zinagawiwa. Wenzangu wawili wa kiume tuliotoka chuo kimoja, darasa moja, mmoja anapelekwa kwenye boila, mwingine anaenda kubadilisha kontakta (swichi ya sumaku ya kuwashia mota) kwenye paneli ya konveya. Mimi naambiwa, "Dada wewe kaa hapa, utachafuka." Hapo pa kukaa ni stoo ya vifaa. Natoa spana, naandika nani kachukua, jioni naandika nani karudisha. Nikiomba kwenda naambiwa leo kazi iko juu, kesho kuna grisi, keshokutwa mota ni nzito. Siku mota ya pampu ya maji ilipoungua nilitoka stoo kwenda kuangalia, kaka mmoja akakimbia kuniletea kiti nikae kivulini. Kiti! Nikakaa, ningefanyaje.

Mwandiko wangu wanausifia sana.

Sasa wiki iliyopita alikuja mtu wa rasilimali watu na mpiga picha. Siku ya Wanawake inakaribia, wanatengeneza bango kubwa la getini na picha za kurasa zao za mitandaoni, na wanamtaka "fundi wetu wa kike". Wamenipa kofia ngumu mpya nyeupe, zile wanazovaa mainjinia (sisi wa fildi tunavaa za kijani), na wanataka niiname kwenye mota ya kompresa nikiwa na mega mkononi, kama vile napima. Mega hiyo sijawahi kuishika hapo kiwandani. Chuoni niliigusa kidogo tu, maana darasa lilikuwa kubwa na mega ilikuwa moja. Mota ya kompresa ndiyo kabisa, hata kuikaribia bado.

Nikajibu kwamba nitafikiria. Msimamizi akashangaa: "Ufikirie nini, si heshima hiyo?" Mama yangu anasema nikubali, picha haigharimu kitu na huenda ikanisaidia kwenye ajira. Kaka yangu anasema nikatae. Mimi nawafikiria wale wenzangu wawili wakipita chini ya bango kila asubuhi, na wao wanaujua ukweli.

Naombeni ushauri, hasa kwa mafundi wa kike mliotangulia. Nikubali au nikatae? Na nifanyeje nipewe kazi bila kuonekana mkorofi? Zimebaki wiki chache na muhuri uko kwao.

---

Mzalendo wa Ngerengere

Mleta mada unalalamika kwa kupendwa? Wenzako huko viwandani wanafokewa kutwa, wewe unaletewa kiti halafu unafungua uzi. Kubali picha, chukua muhuri, tafuta kazi ya ofisini yenye feni. Usawa tunaupenda wote, ila mota ya kilowati 15 utaibebea wapi? Hao kaka zako wanakuonea huruma tu.

---

PaneliNaPampu

Mimi ni msimamizi wa matengenezo, nina miaka mingi kwenye kazi hii, Dar na Tanga. Nitakwambia kinachopita kichwani mwa mtu kama huyo msimamizi wako. Simtetei, lakini ni vizuri ukijue.

Mwanafunzi wa fildi akiumia, wa kwanza kuandika maelezo ni mimi. Hilo ni kwa wote, wa kike na wa kiume. Ila kwa binti kuna nyongeza ambayo wengi hawaisemi: naogopa maneno. Nikimtuma binti na fundi mmoja kwenye chumba cha pampu zamu ya usiku, kesho yake kuna watu watakuwa na la kusema, na mkewe fundi atalisikia. Basi njia rahisi ni kumwacha stoo. Hiyo ni njia ya uvivu na matokeo yake unayaona. Mimi nimeondokana nayo kwa kuwapeleka wawili wawili, na kwa kazi za mchana zilizopangwa.

Mambo mawili yatakusaidia. La kwanza, usiombe "kazi". Omba kazi yenye jina. Kila kiwanda kina siku laini zinaposimama kwa matengenezo, mara nyingi Jumapili. Uliza Jumapili hii kuna nini, chagua kitu kimoja, mwambie msimamizi: "Naomba niwemo kwenye kadi ya kazi ya pampu namba fulani." Ukisema hivyo, ni vigumu kukujibu kwamba utachafuka.

La pili, omba kufuli lako. Kama kiwanda chenu kina utaratibu wa kufunga umeme kabla ya matengenezo, kila anayeshika mashine anaweka kufuli lake mwenyewe pale kwenye swichi kuu, lina jina lake na ufunguo anakaa nao mfukoni. Mashine haiwashwi mpaka la mwisho litoke. Mwenye kufuli pale yumo kwenye kazi, hata kama leo amekuja kushika tochi. Mimi nikiona kufuli la mtu, namtafuta na kumuuliza kazi imefikia wapi.

Kuhusu picha sina la kusema. Sisi kwetu hupigwa viongozi tu.

---

MamaKoili_Nyakato

Marahaba mwanangu.

Mimi nasuka mota hapa Nyakato, Mwanza, yaani zikiungua nazitia nyaya mpya ndani. Mashine za kusaga, za kukoboa mpunga, pampu za visima, mota za viwanda vya samaki, na msimu wa pamba ukifika zinaletwa za majineri (viwanda vya kuchambua pamba) kutoka Simiyu na Shinyanga, zimeungua mpaka harufu inafika barabarani. Kazi hii nimeianza wewe hujazaliwa, kwa hiyo nitaandika kirefu. Anayeona uvivu aruke.

Kwanza nimalizane na huyo wa Ngerengere. Mota ya kilowati 15 yenye bodi la chuma cha kusubu inapita kilo mia. Mwanaume gani hapo kwenu anaibeba? Inanyanyuliwa kwa winchi ya mnyororo, na anayevuta mnyororo anaweza kuwa bibi yako. Anayenyanyua kwa mgongo hajui kazi, na mgongo ukishakatika hakuna fundi wa kuusuka. Wengine huja na upande wa pili, wananipamba: wanawake mna vidole vyembamba, ndiyo maana mnasuka vizuri. Vidole vyangu ni vinene kama ndizi mzuzu. Koili (fungu la nyaya) inaingia kwenye sloti (mfereji wake ndani ya mota) kwa sababu nimezipitisha nyaya moja moja, nimezilaza kwa kijiti bila kukwaruza vanishi, basi.

Sasa wewe. Nilipoingia kwa mzee aliyenifundisha, karakana nzima ilikuwa ya vijana wa kiume, na mimi nikapewa nini? Daftari. Tena kwa sababu ile ile yako, mwandiko. Mota inafunguliwa, mzee anahesabu, mimi naandika: sloti 36, poli nne, koili inatoka sloti ya kwanza inaingia ya nane, kila koili mizunguko kadhaa, waya wa geji fulani, nyaya mbili sambamba, imeungwa stari au delta (namna mbili za kuunganisha koili). Vijana wanakata, wanachoma, wanasuka. Mimi naandika. Waliona wamenipa kazi ya kike.

Lakini kwenye kusuka mota siri iko wapi? Iko kwenye hizo namba. Ukipunguza mizunguko, mota inakula ampea nyingi hata haina mzigo, na inachemka. Ukizidisha, inazunguka lakini nguvu haina, kinu kikijaa mahindi inasimama. Mota iliyosukwa ikirudi baada ya miaka, kibati chenye namba zake kimeng'oka, anayejua kilichokuwa ndani ni mwenye daftari. Mzee alipougua, wale vijana walianza kuja kwangu kuuliza. Nikawaambia hii ya kinu cha Magu nitaisuka mwenyewe, nyie shikeni bodi. Hakuna aliyebisha kwa sababu hakuna aliyekuwa na data zake.

Kwa hiyo stoo usiitupe yote. Unaandika nani kachukua spana gani. Ongeza ukurasa wako. Mota gani, kibati chake kinasemaje, beringi namba ngapi, imebadilishwa lini, ilikufa kwa nini. Beringi ya 6309 ikitoka stoo kila baada ya muda mfupi kwa pampu ile ile, hiyo siyo bahati mbaya, pampu na mota havijanyooka kwenye kapling, pale shafti zake zinapoungana. Wewe uliyekaa stoo ndiye utakayeiona kwanza. Mpelekee msimamizi. Fundi akiletewa habari inayomwokolea Jumapili yake hasahau aliyemletea.

Halafu omba maiti. Ile mota ya pampu iliyoungua ukaletewa kiti, iko wapi sasa? Bila shaka imelala pembeni inasubiri kupelekwa kwa msukaji kama mimi. Imeshakufa, huwezi kuiua tena, kwa hiyo hakuna mwenye hofu ya kukuachia. Fungua kifuniko usome. Koili zote zikiwa nyeusi sawasawa, ilizidiwa mzigo, au feni ya kupoza imeziba kwa vumbi. Makundi ya fezi mbili yakiwa meusi na ya fezi ya tatu bado yana rangi yake, na mota imeungwa stari, basi fezi moja ilikatika ikaendelea kukimbia na mbili: fyuzi imekwenda, au kontakta imeliwa meno. Kama ni delta, kinyume chake, ya fezi moja ndiyo yanaungua na ya mbili yanabaki. Ukikuta sloti moja tu imetoboka na shaba imeyeyuka ikagusa chuma, insulesheni ilichanika hapo: unyevu, au fundi aliyepita alikuwa na haraka. Ukishasoma, nenda kwenye paneli uangalie ovalodi (kinga inayokata umeme mota ikizidiwa) imewekwa ampea ngapi. Mota ya kilowati 7.5 kwa volti 400 inakula kama ampea 15. Ukikuta mtu ameisogeza hadi 25 eti "ilikuwa inakatakata", umempata muuaji. Usimtaje mbele za watu. Andika tu.

Picha sasa. Nimewahi kuona bango hapa mjini, binti kashika mega na waya zake zote mbili zinaning'inia hewani, hazijagusa kitu. Kila fundi aliyepita alicheka, na hakuna aliyeicheka kampuni. Walimcheka binti.

Mimi ningekubali kwa sharti moja: wapige nikiwa napima kweli. Wakupeleke kwenye mota iliyosimama. Umeme ukatwe, ufunge kufuli lako (huyo PaneliNaPampu amesema neno), uhakikishe kwa mita kwamba hakuna umeme, ufungue nyaya zinazotoka kwenye paneli, kisha volti 500 kati ya koili na bodi. Mota nzima, kavu, inasoma mamia ya megaom. Ikisoma chini ya megaom moja mimi siiwashi, naikausha kwanza. Ukimaliza toa chaji iliyobaki kwenye koili kabla hujagusa ncha za nyaya. Andika ulichosoma kwenye kadi ya kazi, jina lako chini. Mpiga picha asimame pembeni afanye kazi yake na wewe ufanye yako. Wakisema hakuna muda wa yote hayo, basi sema kwa adabu, "Kazi hii sijaifanya hapa, naona haya kuigiza." Nani atakunyima muhuri kwa hilo? Kofia nyeupe warudishie, vaa ya kijani.

La mwisho, ambalo hakuna atakayekuandikia kwenye bango. Shona ovaroli ya vipande viwili, suruali na koti. Ile ya kipande kimoja ilibuniwa na mtu asiyechuchumaa. Chooni unaivua mpaka kiunoni, mikono inagusa sakafu yenye maji, ndiyo maana mabinti wengi viwandani hawanywi maji kutwa nzima, kisha wanaugua kibofu. Siku ya kwanza mahali popote uliza choo cha wanawake kiko wapi. Kama hakipo, hapo ndipo pa kuanzia sherehe. Pete na bangili vua, nywele zote ndani ya kofia, glovu tafuta za saizi yako. Glovu kubwa inashika mahali ambapo mkono wako haupo.

---

KaziNiHaki

Mama Koili, nimeisoma yote sikuruka. Niongeze upande wa karatasi, niliwahi kuwa mwakilishi wa tawi la TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara.

Binti, picha yako ni taarifa yako binafsi. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023. Kukutumia kwenye tangazo kunataka ridhaa yako, na ridhaa ya mtu anayesubiri muhuri ni ridhaa ya mashaka. Ukikubali, iwe kwa maandishi, na iseme picha itakaa wapi na mpaka lini. Nimeona bango la mtu aliyeacha kazi zamani bado linapepea getini.

Ukishaajiriwa, ujue kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi wa jinsia, inadai malipo sawa kwa kazi ya thamani sawa, inatoa likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 kwa mapacha, na anayenyonyesha anapewa hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Na hapo kwenye "kazi ya thamani sawa" ndipo penye mtego. Ukiajiriwa kama karani wa stoo huku unafanya kazi ya fundi, utalipwa kama karani. Angalia cheo kilichoandikwa kwenye mkataba kabla hujasaini.

Jambo hilo lina historia. Mwaka 1968 huko Dagenham, Uingereza, wanawake walioshona viti vya magari kwenye kiwanda cha Ford waligoma kwa sababu kazi yao iliwekwa daraja la wasio na ujuzi mkubwa, na hata ndani ya daraja hilo walilipwa asilimia 85 ya mshahara wa mwanaume. Kiwanda kilisimama, maana gari lisilo na viti haliuzwi. Wakapandishiwa mpaka asilimia 92, na mgomo ule ukachangia kuletwa kwa sheria ya malipo sawa ya 1970. Lakini daraja la ujuzi, ambalo ndilo waliligomea tangu mwanzo, walilipata 1984 baada ya kugoma tena. Pesa ilitangulia, jina la fundi likachukua miaka 16.

Na hiyo Machi 8 wanayoitengenezea bango, wengi wanadhani ni siku ya keki na fulana. Tarehe hiyo mwaka 1917 wanawake wa viwanda vya nguo vya Petrograd walitoka wakagoma, wakaenda kuwatoa wanaume kwenye viwanda vya chuma, na wiki moja baadaye mfalme wa Urusi aliachia kiti. Umoja wa Mataifa ulianza kuiadhimisha 1975. Mwulize huyo wa rasilimali watu kama anayajua hayo. Hapana, natania, usimwulize kabla ya muhuri.

---

ChumaChaPwani

Hujambo dadangu. Mie niko Mombasa, nachomelea kwenye karakana ya meli. Mama Koili nakuheshimu sana, lakini hapo kwenye picha nitakupinga kidogo.

Nilipokuwa shule ya msingi kulikuwa na kalenda kwa muuza vyuma jirani yetu. Mwezi mmoja, nimesahau upi, kulikuwa na mwanamke amevaa barakoa ya kuchomelea ameiinua juu, anacheka. Sikuwa nimewahi kuona kitu kile. Niliomba ile karatasi mwezi ulipokwisha, nikaibandika ndani ya kabati. Wallahi sikujua wala sikujali kama yule mama ni fundi kweli. Yumkini alikuwa karani. Lakini mie nimefika hapa kwa karatasi ile. Kwa hivyo dada, kuna mtoto atapita getini kwenu na mamake, naye hajui mega inashikwaje. Mfikirie na yeye.

Ama kuhusu kupewa kazi, mie niliipata kwa mtihani. Karakana yetu ilileta mkaguzi kutoka nje, wachomeleaji wakajaribiwa paipu kwenye mkao wa 6G, paipu imefungwa kwa nyuzi 45 na haizungushwi, wewe ndiye unayeizunguka, mara umechuchumaa, mara umeshika juu ya kichwa. Kila mtu ana namba yake ya stempu anaigonga kando ya jointi. Paipu zikapelekwa eksirei. Anayesoma filamu hana habari na mtu, ana namba. Zangu zikarudi safi, na msimamizi akaingia karakana akiuliza, "Huyu bwana mwenye namba hii ni nani?" Kimya. Nikainua mkono wenye glovu. Hakuomba radhi, alisema tu "Haya," na kutoka siku ile tenki za ndani napewa mie.

Tafuta kazi inayopimwa na kitu kisichokujua. Mita, eksirei, geji, chochote.

---

MamaKoili_Nyakato

Chuma, hapo kwenye kalenda umenishika. Sina jibu. Ila mtoto huyo akikua akaenda kuomba fildi kwa binti wa bango, akakuta binti wa bango yuko stoo?

---

ChumaChaPwani

Atamwonyesha stoo ilipo, kisha watatoka wote wawili, inshallah.

---

Mzalendo wa Ngerengere

Sawa, ya winchi nimekubali. Ya kiti bado naona ni adabu tu, mnaipa siasa.

---

PaneliNaPampu

Mkuu, wale wavulana wawili nao ni wageni hapo, mbona hawakuletewa kiti?

---

BintiKihonda

Asanteni sana wote. Mama shikamoo tena, da Chuma asante. Nimechelewa kurudi kwa sababu mambo yamekwenda nusu nusu.

Nilimfuata msimamizi na ukurasa wangu wa beringi. Kweli, kuna feni moja beringi zake zimetoka stoo mara nyingi kupita nyingine zote, na mimi mwenyewe ndiye nilikuwa natia saini bila kufikiri. Aliusoma ukurasa akiwa amesimama, halafu akakaa. Hakunisifu. Aliuliza tu, "Hii umeitoa wapi?" Nikamwambia kwenye daftari la stoo. Nikaomba niwemo kwenye kadi ya Jumapili. Amesema Jumapili wanafungua mota ya hiyo hiyo feni, nije saa moja asubuhi, na kufuli atanitafutia. Mmoja wa wale wenzangu kanuna kidogo, lakini atazoea.

Kwenye picha, nilimwambia yule wa rasilimali watu sharti la mama. Akasema wazo ni zuri sana, atalifanyia kazi. Juzi nimepita ofisini nimekuta bango limeshachapwa. Wamempiga dada wa uhasibu. Kofia nyeupe imemkaa vizuri, siwezi kusema uongo.

---

PaneliNaPampu

Mhasibu! Na mega ameishikaje?

---

BintiKihonda

Ncha moja iko kwenye mota. Nyingine ameishika kwa vidole, na kidole kingine kiko kwenye kitufe cha kupimia.

---

PaneliNaPampu

Volti 500. Mungu amlinde, nadhani betri hazikuwemo.

---

MamaKoili_Nyakato

Marahaba. Mwacheni mhasibu wa watu, hakujiweka pale mwenyewe.

Binti, Jumapili hiyo sikia. Kabla hujashika spana yoyote piga kibati picha kwa simu, na uandike pia, maana simu hupotea: kilowati, volti, ampea, mizunguko kwa dakika. Nyaya za kwenye kisanduku weka alama kabla hujazitoa, usitegemee rangi, fundi aliyepita huenda aliunga kwa alichokuwa nacho. Chukua senta panchi, gonga alama kwenye kifuniko na kwenye bodi mahali vinapokutana: nukta moja upande wa mkanda, nukta mbili upande wa nyuma, ili kifuniko kirudi kilipotoka na kwa mkao wake. Beringi ivutwe na pula. Akitokea mtu anaigonga na nyundo, usibishane naye, wewe nenda kalete pula, si unajua iliko. Beringi mpya inapoingia, nguvu isukume pete ya ndani inayokaa kwenye shafti, siyo ya nje. Grisi usijaze mpaka itapike, theluthi moja ya nafasi inatosha.

Kama mkanda ndio ulikuwa umekazwa mno, beringi ya upande wa mkanda itaonyesha: njia ya gololi imeliwa sana upande mmoja. Ya zamani usiitupe, iombe, ikate kwa grinda nusu mbili, uangalie. Miwani machoni, na uibane kwenye jiliwa kwanza.

Na kabla haijaunganishwa nyaya, mwambie msimamizi unataka kupima mwenyewe. Uniletee hapa namba utakayoisoma.